Rangi ya Chumba Alimokohoa Baba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nimeshika brashi ya katani, chokaa imenirukia mpaka kwenye nyusi, najiona fundi kamili. Tulikuwa Uvira, miaka ya hamsini. Baba alikuwa ametoka kwenye ugonjwa wa kifua. Daktari alisema hawezi tena kumwambukiza mtu, lakini joto la ziwani lilimchosha, na wajomba zangu walimwita Bijombo, milimani, apate hewa ya baridi. Hatukuweza kwenda bila kuuza nyumba. Na mvua zikianza, njia ile haipandiki ukiwa na mgonjwa.

Baba akasema tupake vyumba vyote chokaa nyeupe, maana mnunuzi anapenda usafi. Nilipaka mpaka kuta zikang'aa. Watu wakaanza kuja. Wanachungulia chumba cha kulala, wanatazamana, halafu wanakumbuka shughuli zao. Baba akakonda kwa mawazo kuliko alivyokonda kwa ugonjwa.

Aliyeng'amua ni mama. Siku zile mtu akiugua vibaya ndani ya nyumba, au akifa, chumba chake kilipakwa chokaa ili kuua ugonjwa. Sasa wewe ukute nyumba inauzwa, na chumba ni cheupe pe, utajiuliza nini? Tulikuwa tumeisafisha nyumba mpaka ikatisha watu. Mimi hata sikuwaza, nilikuwa nafurahia kazi ya mikono yangu.

Mama akaleta udongo wa manjano, akauchuja kwa kitambaa, akauchanganya na chokaa na chumvi kidogo ili rangi isishike nguo. Sebule ilikuwa na dirisha moja dogo, kwa hiyo akaizidishia chokaa ipate mwanga. Chini, pale watoto wanapoegemea, akazungusha mkanda wa udongo mwekundu. Chumba cha baba kikatoka na rangi ya ndizi inayoanza kuiva, nami nikakipenda kuliko nyumba nzima.

Mtu wa kwanza kuja baada ya hapo alikuwa Mama Faida, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, kutoka mtaa wa Kavimvira. Huyu aliingia. Akaupapasa ukuta, akauliza watoto wake watalala upande gani. Moyoni nilishaanza kufunga mizigo. Ndipo mama akamwambia, taratibu kabisa:

"Mama Faida, bwana yangu alikohoa mu hii chumba mwaka muzima. Alitibiwa, iko anapona. Lakini weye iko na watoto, lazima ujue."

Mama Faida aliaga, akaenda zake. Nakuambia kweli, saa ile nilimchukia mama yangu. Nikamuuliza, basi rangi yote ile ilikuwa ya nini?

"Rangi ni ya kumukaribisha muntu," akasema. "Akisha kuingia, ni miye nasema naye, hapana ukuta."

Mama Faida alirudi baadaye na fundi, wakatazama mahali pa kupanua dirisha la chumba kile. Alisema ameonyeshwa nyumba nyingi nzuri, na hakuna aliyemwambia nani alilala humo. Halafu akamtania baba, aliyekuwa amekaa uani, kwamba huko Bijombo baridi itamfundisha kulala na ng'ombe. Baba akacheka mpaka akakohoa. Mama Faida akabaki palepale alipokuwa amesimama, karibu naye, akicheka.

Tulipanda kwenda Bijombo kabla ya mvua.

Wewe leo unaniuliza upake rangi gani nyumba yako ipate mtu. Usitafute inayokupendeza wewe, mwanangu, kwa sababu wewe unaondoka. Mfikirie atakayeamka humo asubuhi: chumba cha giza kipe rangi ya mwanga, na palipo na mikono ya watoto weka rangi inayovumilia. Lakini usiipe rangi kazi ya kuficha. Lile ambalo ungependa asilijue, mwambie mwenyewe, mkiwa mmesimama ndani.

Mungu akuletee mtu wa kuingia bila hofu, na akupe wewe moyo wa kumwambia. Ulale vizuri siku zilizobaki hapo, na huko unakohamia upokelewe kwa kicheko.