Firigisi ya Baba Mdogo

Baba mdogo hakuwa amekanyaga kwetu tangu tumzike mama, mwaka nilioacha shule ili niwalee wadogo zangu. Sasa alisimama mlangoni akitabasamu, jogoo mkononi, siku moja kabla ya safari yetu ya Kisumu.

Safari hiyo tuliijua wawili tu, mimi na kitinda mimba wetu. Alizaliwa msichana, lakini tangu utotoni alisema yeye ni mvulana. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, vipimo vimekamilika, na daktari angemwanzishia sindano za homoni. Nani alimpasha baba mdogo habari?

Nilipika. Kwetu firigisi ni ya mwanamume, kwa hiyo nilimwekea mgeni. Aliitazama, akaisukuma hadi sahani ya mdogo wangu.

"Mwanaume wa hapa ndiye anakulanga hii. Kula, kijana."

Hakuna aliyewahi kumwita kijana isipokuwa mimi. Macho ya mdogo wangu yalijaa machozi. Yangu yalibaki kwenye lile tabasamu.

"Kesho mnatoka saa ngapi? Niwasindikize."

"Saa nne, baba."

Alfajiri tulimwacha akikoroma sebuleni. Tulipofika Mukumu, njiani kwenda Kisumu, mdogo wangu alitoa mfukoni firigisi iliyofungwa kwa karatasi.

"Labda alimaanisha," akasema.

"Labda. Kwanza sindano, halafu tutamuuliza."

Akaila yote, bila kunigawia hata kipande, kama wanaume wa kwetu wafanyavyo.