Mwiko wa Hawe Dama

Nilipokuwa mtoto huku Mtopanga, bibi yangu mzaa baba, ambaye sisi Wagiriama tunamwita hawe, alianza kila asubuhi kwa kikombe kikubwa cha chai ya maziwa. Kisha Jumapili moja, mbele yetu sote, akasema kwamba katika ukoo wa mama yake maziwa ni mwiko, na kwamba amekuwa akiuvunja mwiko huo maisha yake yote. Sijawahi kujua kama maneno yale yalikuwa ya kweli. Nimewauliza wazee wa upande wake kule Kaloleni. Wengine wamekana kabisa, mmoja amesema huenda, zamani sana, na mwingine alinitazama kama mtu aliyeulizwa habari za kitandani. Hawe mwenyewe amekwisha kufa.

Mwiko, kwa asiyekulia kwetu, ni chakula ambacho ukoo fulani hauli. Akikila mtu wa ukoo huo atavimba, atawashwa, ngozi itamchubuka. Na mwiko hufuata damu ya baba. Tulikuwa watu wa kanisa, tulijua Zaburi kwa moyo, lakini sikumbuki mtu yeyote nyumbani aliyewahi kuucheka mwiko.

Mdogo wangu Charo alipewa jina la babu yetu marehemu, kwa hiyo Hawe alimwita mume wangu. "Mume wangu ameamka? Mbona hajaniletea samaki?" Mtoto alicheka kwa ufizi mtupu. Mama alimnyonyesha kutwa mpaka alipopata kazi kiwandani, na hapo ikabidi azoeshwe maziwa ya ng'ombe kwa saa za kazi. Siku ya kwanza Mama alimpa mwenyewe, kwa kijiko, akiwa amekaa mlangoni penye upepo. Mimi, Sidi, nilikuwa naosha vyombo. Niliona midomo ya Charo ikivimba kana kwamba ameumwa na nyuki. Mabaka mekundu yalipanda shingoni. Akatapika, kisha pumzi yake ikaanza kupiga mluzi mwembamba, na Mama akakimbia naye kwenye tuktuk bila viatu. Niliwafuata, nimemshikia leso yake.

Hospitalini walimchoma sindano, tukakaa tukimsikiliza anavyopumua. Nesi alikuwa msichana mpole mwenye macho ya usingizi. Alimwambia Mama, "Mwili wake unakataa maziwa ya ng'ombe. Msimpe tena, hata tone la kuonja. Safari nyingine huenda msiwahi kufika hapa." Kisha, akiwa anaandika, akauliza, "Kuna mtu mwenye tabu kama hii upande wa baba?"

"Hapana," Mama alijibu. "Kwao wote hunywa."

Leo najua kuwa huo ni mzio, na kwamba swali lile huulizwa kila mahali. Nesi hakuwa na lolote moyoni. Lakini Mama alikuwa mtu wa kusimulia jambo lote kama lilivyokuwa, na jioni ile, akiwa amechoka na mtoto amelala begani, akalisimulia swali pamoja na jibu lake.

Shangazi Kadzo, dada yake baba, aliacha kuchambua mchele.

"Upande wa baba? Aliuliza hivyo?"

"Ndiyo, wifi."

"Na mwili wake unakataa." Shangazi alirudia neno hilo polepole. "Sisi tumelelewa na ng'ombe. Mwili wa mtoto wetu utakataaje maziwa?"

Ningependa Shangazi asieleweke vibaya. Alikuwa amerudi kutoka kwenye ndoa iliyomdhalilisha, na kaka yake alimpa chumba bila kumuuliza neno. Baba aliendesha lori la makontena hadi mpakani Malaba, siku nyingi hayupo, na akiwepo alikuwa mtu wa kunyamaza. Shangazi aliamini kwamba mtu kama huyo lazima alindwe. Kwa mawazo tuliyokulia nayo, hesabu yake haikuwa ya kijinga. Mtoto amevimba kwa chakula, basi chakula hicho ni mwiko wake. Kwa baba yake si mwiko. Basi baba yake ni nani?

Hakulisema hivyo. Alisema kwamba mtoto aonjeshwe. Kuna kauli, alieleza, ambayo binti wa nyumba husema akiwataja koma, yaani wazee waliotangulia. Akishaitamka na kumlisha mtoto kwa mkono wake, basi kama mtoto ni wa nyumba hiyo chakula hakimdhuru tena. "Ni kwa faida yako, wifi. Maneno yataisha."

"Maneno yapi?" Mama aliuliza.

Shangazi alirudi kwenye mchele wake.

Kwa siku kadhaa nyumba yetu ilikuwa na ukimya wa watu wanaopishana mlangoni. Jirani aliyekuja kukopa mkaa alimtazama Charo kwa muda, kisha akamtazama Baba kwenye picha ya harusi ukutani. Mama hakumwachia mtu mtoto. Alitumia kisingizio cha homa asiende kiwandani, na kila siku aliyokosa ilimkaribisha na kufukuzwa. Usoni alikuwa kama mtu aliyebeba ndoo iliyojaa pomoni. Akikataa mtoto asionjeshwe, amekiri. Akikubali, yule nesi alikwisha kumwambia litakalofuata.

Baba alirudi Jumamosi. Niliwasikia wakizungumza nyuma ya pazia.

"Kataa wewe," Mama alisema. "Ukikataa wewe, yatakwisha."

"Nikikataa watasema naogopa kujua."

"Na wewe unaogopa?"

Nilimsikia akivua viatu. Mama akasema, "Mimi maneno siyaogopi. Naogopa kikombe."

Jumapili baada ya ibada tulikaa sebuleni. Baba alikuwa na taulo shingoni, akijifuta jasho lililokuwa limeshakauka. Hawe alikaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, kimya tangu asubuhi. Shangazi alileta maziwa yaliyochemshwa na kupozwa katika kikombe cha bati, akapiga magoti mbele ya Mama. Alikishika kikombe kwa mikono miwili. Naye aliogopa, sasa ninaamini hivyo. Alitaka mtoto asivimbe.

"Mlete, wifi."

Mama alimbana Charo kifuani. Charo, ambaye alipenda kila kilichong'aa, alipinda mgongo akakinyooshea kikombe vidole vyote.

"Si mnaona, anataka mwenyewe," Shangazi alisema, akijaribu kucheka. Akaanza kuwataja wazee, mmoja baada ya mwingine, akalifikia jina la babu. Charo aliposikia jina lake alirusha mkono, akaupiga ukingo wa kikombe. Maziwa yakamwagikia kiganja chake na kifundo cha mkono. Mama aliudaka mkono ule kabla haujafika mdomoni, akaufuta kwa leso, akaufuta tena, akautemea mate akaufuta. Sote tuliinama kutazama. Ngozi ilianza kuwa nyekundu, kisha vikainuka vilengelenge vidogo vyeupe, kimoja hapa, kingine pale, mpaka vikashikana. Charo alianza kulia na kujikuna.

"Mmeona," Shangazi alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo, haikuwa na ushindi wowote.

Baba alitazama mkono wa mtoto, kisha, kwa mara ya kwanza tangu arudi, akamtazama Mama usoni, na mtazamo ule sikuupenda.

Ndipo Hawe alipoomba apewe mtoto. Alimweka mapajani, akaulaza ule mkono juu ya kiganja chake, akaugeuza upande huu na huu, kama anayetazama nguo ambayo aliwahi kuwa nayo.

"Ni wa kwetu," alisema. "Kwa mama yangu maziwa ni mwiko."

Shangazi alikaa chini kabisa. "Mama, mwiko hufuata baba."

"Na huyu baba amezaliwa na nani? Si mimi?"

"Asubuhi hii umekunywa chai ya maziwa. Nimekuandalia mwenyewe."

"Nimekunywa. Nilipoolewa kwenye nyumba ya ng'ombe niliona haya kusema, nikanywa, sikuvimba, nikadhani nimesamehewa." Alimpuliza Charo mkononi. "Nimekula mwiko miaka yote hii. Aliyelipishwa ni mume wangu. Kama mnatafuta mkosaji katika nyumba hii, nipo hapa, msimtazame mama Sidi."

Kumwambia mama mzazi kwamba anasema uongo juu ya koma za kwao, nani angethubutu? Baba aliinama akajifunika uso kwa taulo, mabega yakamtikisika. Mama hakulia.

Nimesoma vitabu vingi tangu siku ile, na baadhi vinaeleza vizuri kabisa kwa nini mwili wa mtoto huyapiga vita maziwa kana kwamba ni adui. Maelezo hayo yangeletwa sebuleni kwetu, yangeongeza moto tu. Tayari tulikuwa na ya nesi. Kilichomwokoa Charo ni imani ileile iliyokuwa imemwinulia kikombe, ikiwa mikononi mwa mtu aliyeijua mpaka ndani. Kama Hawe alikumbuka au alibuni, hilo silipimi tena.

"Maziwa hayaingii tena humu," Hawe aliamua. "Tutakunywa chai ya rangi. Na chakula cha mtoto kitapita mkononi mwa mtu mmoja. Mama yake yuko kazini, baba yake yuko njiani. Ni wewe, Kadzo."

Shangazi alitazama kikombe, kisha Mama. "Kama wifi ataniamini."

Jumatatu alfajiri Mama alimnyonyesha Charo, akavaa sare ya kiwandani, akasimama mbele ya Shangazi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamkabidhi mtoto, akaenda.

Muuza maziwa alipopiga honi ya pikipiki yake, Shangazi alitoka na Charo kiunoni, akamwambia asisimame tena mlangoni petu.

"Kwa nini, mama? Nimewakosea?"

"Hujatukosea. Kwetu ni mwiko."

"Tangu lini?"

"Tangu kwa wazee," Shangazi alisema, akafunga mlango.