Sauti Iliyonywewa Kwenye Kibuyu

Kwa miaka mitatu mizima niliamini kwamba mwimbaji wa pili wa bendi moja kongwe aliinywa sauti yake kwenye kibuyu. Nilielezwa hivi: mwimbaji wa kwanza, mwanzilishi, alipokata roho, wenzake walijaza rubisi kwenye kibuyu chake, wakamnywesha kijana waliyemchagua kushika nafasi yake, na sauti ya marehemu ikashuka kooni pamoja na pombe. Sharti lilikuwa moja tu: asiimbe kamwe bila bendi. Miaka ikapita, kisha akatoka peke yake, akarekodi nyimbo zake mwenyewe, na hapo sauti ikamkimbia, ikamrudia marehemu. Kwa hiyo kwenye zile nyimbo anayeimba ni marehemu. Mwenyewe anafungua mdomo tu.

Aliyenipa habari hii ni kinyozi mmoja wa Nyakahanga, naye aliitoa wembe ukiwa shingoni mwangu. Mtu wa namna hiyo habishiwi. Na mjue kwamba wakati huo nilikuwa na cheti changu cha kidato cha nne, cha masomo ya jioni, nilichokisotea nikiwa na mke, watoto wawili na ng'ombe mwenye hasira. Fizikia nilifaulu. Lakini fizikia haisemi lolote kuhusu kibuyu.

Isitoshe, habari kama ile inatuingia kirahisi sisi Wanyambo. Kwetu mzee akiondoka lazima awepo mrithi, omusika, anayekalishwa kwenye kiti chake mbele ya ukoo na kukabidhiwa vitu vyake. Ukishakalishwa, nyumba ni yako na wewe ni wa nyumba. Huwezi kuamka asubuhi moja ukasema, jamani, mimi naenda kujiimbia.

Na omusika mtarajiwa wa nyumba yetu hapa Kiruruma ni mimi, maana kaka zangu wote wako mijini. Baba bado yupo, mgumu kama kisiki cha mkaratusi, ila magoti yalipomsaliti alinikabidhi panga lake mbele ya baba zangu wadogo, akasema kibanja sasa ni changu kukitunza: migomba, mibuni iliyo chini yake, na kaburi la babu nyuma ya nyumba. Nililia siku hiyo. Hata ng'ombe wa kule Nyakakika waliacha kula majani wakasikiliza.

Sasa shida. Baba mkwe wangu kule Kyerwa alitupa mimi na mke wangu kipande cha ardhi, nami nilitaka kupanda humo kahawa yangu mwenyewe. Kibanja cha baba nisingekiacha, lakini nilitamani walau mbuni mmoja duniani ambao watu hawatausema ni wa mzee. Miche nilishaiotesha kwenye viriba, nikaificha uani kwa rafiki yangu. Mvua za vuli zilikuwa zinanukia. Ila kumwambia baba! Mwimbaji alitoka kidogo tu akanyang'anywa sauti. Mimi nikitoka nitanyang'anywa nini kama si baraka yake?

Aliyenitisha zaidi ni baba mwenyewe. Ana redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli, na kama isingekuwa mama, angefunga ndoa nayo. Zikipigwa nyimbo za bendi, anakaa anatikisa kichwa. Zikipigwa zile za mwimbaji peke yake, anainuka kimya, anachukua fimbo, anaingia migombani. Nami nikisikia lile gitaa linavyolia kama mtu anayeita kutoka chini ya ardhi, nywele zinasimama mpaka kofia inainuka. Naizima redio kabla wimbo haujafika katikati. Nikawa na hakika kwamba baba amekasirishwa na mrithi aliyeacha kiti.

Na bado, Mungu anisamehe, nilizipenda. Ndani ya bendi jamaa alikuwa anaimba kama mtu aliyeazimwa koti, anaogopa kulichafua. Peke yake anaimba taratibu, anamwimba mama yake, anaimba baiskeli yake ya kwanza, na mahali pengine anacheka katikati ya ubeti bila hata kuomba radhi. Niliziweka kwenye simu nikawa nazisikiliza mchana kweupe nikimwagilia miche, kwa sauti ya chini, marehemu asije akajua.

Jumapili moja tumerudi nyumbani kutoka kanisani, mke wangu akanishika mkono. "Mizizi inatoboa viriba. Umwambie mzee leo, au nitamwambia mimi."

Wakati huohuo redio ikaanza wimbo wa yule mwimbaji. Baba akainuka, fimbo, migombani. Nikamfuata. Nikamkuta ameegemea mgomba, macho ameyafumba, anaimba. Wimbo uleule, neno kwa neno.

"Shikamoo, tata."

Akashtuka kama mwizi. "Marahaba. Mama yako kakutuma uje unicheke?"

"Huwa anakucheka?"

"Tangu harusini. Anasema naimba kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Ndiyo maana naimbia huku. Migomba haina dharau."

Nikamwaga yote: kibuyu, rubisi, marehemu, kiti, ardhi ya Kyerwa, miche iliyofichwa. Alicheka mpaka mgomba ukatikisika na mkungu wake.

"Kakuambia nani?"

"Kinyozi."

"Na wewe msomi wa jioni ukameza! Hiyo shule yenu taa ilikuwa inawaka kweli?"

Akajifuta machozi kwa mkono wa shati, kisha akaniangalia kwa upole ambao sikuuzoea.

"Kesho tunapeleka miche, mvua haimsubiri mtu. Magoti haya hayawezi kuchimba mashimo, lakini nitakaa nikushikie kamba ya kunyooshea mistari."

"Na yule mwimbaji, tata?"

"Yule wa kwanza hajafa. Alichoka kusafiri, akampa mwenzake nafasi. Na hilo gitaa linalokutetemesha analipiga huyohuyo wa kwanza. Mtangazaji husema kila wimbo unapoisha, ila wewe unakuwa umeshazima redio."