Siku Niliyosema "Tisa" Kwenye Uwanja wa Gofu

Safari hii ilianza kwa sababu sipendi kuongea. Wale mnaonijua hapa Sironga hamtashangaa. Nilijaribu netiboli, nikaambiwa niite mpira. Sikuita, mpira ukanipita. Kwenye kwaya niliimba mwaka mzima nikifungua mdomo tu, sauti ikatolewa na wenzangu. Ndipo Mwalimu Makori, anayetufundisha jiografia, akatuletea gofu ya diski. Unasimama mbali, unarusha kisahani cha plastiki mpaka kiingie kwenye kikapu cha minyororo kinachosimama kwa mguu mmoja, na aliyerusha mara chache zaidi ndiye mshindi. Hakuna kuita mtu. Nikasema moyoni, huu ndio mchezo Mungu aliniwekea.

Mazoezi tulifanyia kando ya mashamba ya chai. Siku moja diski yangu ilitua ndani ya kikapu cha mgongoni cha magokoro, nyanya yangu, akiwa anachuma. Akaitoa, akaigeuza huku na huku.

"Kerubo, ndoo yenyewe iko wapi?" akaniuliza.

Mpaka leo anaamini shule inatufundisha kutupa vifuniko.

Shida ilikuwa uwanja. Chai ina wenyewe, na wenyewe walichoka kutuona tukitambaa chini ya mimea yao tukitafuta diski. Mwalimu akapigia simu klabu moja ya gofu upande wa Suneka, gofu ile yenyewe ya fimbo na mpira mdogo, akaomba tutumie uwanja pamoja nao. Wakakubali kutujaribu siku moja. Tukienda vizuri, tungerudi muhula mzima. Tukikosea, tung'oe vikapu vyetu na tusionekane tena.

Hata kupata siku kulikuwa na kazi. Jumamosi nusu ya timu ni Wasabato, tuko kanisani. Jumapili nusu ile nyingine wako misa. Mwalimu akachagua Ijumaa, akatuambia uwanja utakuwa mtupu kabisa kwa sababu siku ya kazi watu wazima wako ofisini. Shikeni hilo neno.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kuondoka, tulipangwa mstari mbele ya lori la shule.

"Karani wa klabu amenipa sheria moja kubwa," Mwalimu akasema. "Mtandao ulikuwa unakatikakatika, lakini hiyo nimeishika. Ukirusha kuelekea palipo na watu, lazima kwanza uite 'Foo!' kwa sauti."

"Foo ni nini, mwalimu?" akauliza Momanyi. Huyo ni jirani yangu, na sauti yake nafikiri Nyamira mjini wanaisikia.

"Kwani Kiingereza umesahau? Si ni nne? Alikuwa ananipa mfano wa mchezaji nambari nne. Kila mtu ataita nambari ya fulana yake, ili watu wajue nani amerusha, wakwepe."

Ilionekana ni jambo lenye akili. Tukagawiwa fulana za timu ya kandanda. Momanyi akapata saba, mimi tisa.

"Na atakayerusha bila kuita ametufukuzisha sisi sote. Kerubo, umesikia?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sikusikii."

"Ndiyo, mwalimu."

"Bado sikusikii."

Timu nzima ilikuwa inanitazama. Nilitaka ardhi ipasuke. Nilitafuta mchezo usio na kelele, na sasa kelele ndiyo ilikuwa sheria yake ya kwanza.

Barabarani Momanyi alijitolea kunifundisha. Lori lilikuwa limetoka kubeba kuni, kwa hivyo tulisimama na vikapu vyetu katikati ya vumbi la magome, huku vilima vya chai vikipita.

"Toa kutoka tumboni," aliniambia. "Hivi. SABA!"

Wakati huo lori lilikuwa limepunguza mwendo karibu na Kisii mjini, mbele ya mama aliyekuwa akiuza ndizi.

"Saba ya nini?" mama akafoka. "Mkungu mzima kwa shilingi saba? Nenda ukale saba yako!"

Lori zima likacheka. Mimi nikajaribu tisa yangu, na hata Momanyi, aliyekuwa amesimama nami bega kwa bega, aliniuliza nitaanza lini.

Tulipofika klabuni, jambo la kwanza tuliloona ni magari. Yalijaa mpaka yameegeshwa kwenye maua. Watu wazima wote waliokuwa ofisini walikuwa hapa. Karibu na lango mwanamume mmoja alikuwa amejiinamia ndani ya kichaka akitafuta mpira, simu sikioni, akisema kwa sauti ya chini, "Niko mkutanoni, nitakupigia."

Kapteni wa klabu alitupokea yeye mwenyewe. Alikuwa mzee mrefu mwenye kofia nyeupe na glavu moja tu. Momanyi alininong'oneza kwamba nyingine huenda ameibiwa.

"Karibuni sana, watoto wetu," alisema. "Uwanja huu ni wenu kama ulivyo wetu. Msikanyage tu zile nyasi fupi za kuzunguka mashimo. Msikae kivulini, ni kwa wanachama. Choo chenu kiko kule nyuma. Mkituona tunacheza, mnangoja."

Ndivyo nilivyojifunza maana ya kutumia kitu pamoja.

"Na mjue," akaendelea, "gofu si mchezo, ni tabia. Hapa hakuna refa. Kila mtu anahesabu mapigo yake mwenyewe na kuyaandika mwenyewe."

"Mwenyewe?" Momanyi akauliza.

"Mwenyewe. Hapa ni mahali pa uaminifu."

Mwalimu Makori alituangalia kwa jicho la kusema, mmesikia?

Saa nane hivi tukaanza. Tulikuwa tumesimika vikapu vyetu kando ya mashimo yao, na kwa kweli mambo yalienda vizuri mpaka kikapu cha tatu. Hapo mbele yetu wakili mmoja, mnene, mwenye suruali ya miraba, alikuwa amemaliza shimo lake na anaandika kwenye kadi. Momanyi akajiweka sawa, akaita kutoka tumboni:

"SABA!"

Wakili aliruka. Akatutazama, akaitazama kadi yake, akamtazama mwenzake.

"Tano," akasema. "Basi, sita. Na ile ya kwenye dimbwi."

"Kumbe ile ya kwenye dimbwi uliipiga?" mwenzake akauliza.

Wakili akafuta, akaandika upya. Sisi hatukuelewa kitu. Diski ilipita salama, Mwalimu akampongeza Momanyi kwa kufuata sheria.

Kikapu cha nne, mwenzetu mwingine akaita, "Kumi na mbili!" Mama mmoja wa kofia pana akageuka kwa hasira. "Huo ni uongo! Ni kumi!"

"Lakini si umeniambia nane?" akasema rafiki yake.

Tulipofika kikapu cha sita, wachezaji walikuwa wamejikusanya wawili wawili, wakinong'ona. Nilisikia mmoja akisema, "Hawa wametumwa. Yule anayetaka ukapteni ndiye amewaleta." Kila tulipoita nambari, mahali fulani kwenye uwanja kifutio kilitoka mfukoni.

Mimi nilikuwa nimebahatika. Kila zamu yangu ilipofika, mbele hapakuwa na mtu, nikarusha kimya kama nilivyozaliwa. Bahati ikaishia kwenye kikapu cha mwisho. Mbele yetu alikuwa Kapteni mwenyewe, na kikapu kilikuwa ng'ambo ya nyasi zake fupi. Tukangoja.

Mtu asiyeongea hana kazi nyingine ila kutazama. Mpira wa kwanza wa Kapteni uliingia kwenye miti. Wa pili ukagonga mti. Wa tatu ukatoka miti, ukaingia mchangani, na huko mchangani akapiga mara tatu, mchanga ukitoka na mpira ukibaki. Mara nyingine aliusogeza kwa kiatu. Hiyo sikuihesabu, maana fimbo haikuhusika. Pigo la saba likautoa. La nane likaupitisha kando ya shimo. La tisa likaingia.

"Andika sita," akamwambia mbeba fimbo wake, akainama kuokota mpira.

Papo hapo Mwalimu akanipa ishara: zamu yako. Nilifikiria lori, vikapu, wenzangu wote wakirudishwa nyumbani kwa sababu yangu. Uwanja ulikuwa kimya, hakuna hata ndege. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka kama mlio. Ilitoka taratibu, wazi, na kwa upole, kama ya mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi.

"Tisa."

Nikarusha. Diski ilipanda, ikapinda kushoto, ikapita juu ya nyasi bila kuzigusa, ikaingia kwenye minyororo, chwaa! Ndio mrusho wangu bora tangu nianze mchezo huu, na hakuna mtu hata mmoja aliyeuona. Wote walikuwa wanamtazama Kapteni.

Baada ya muda mfupi tuliitwa barazani kwao. Ile baraza ya kivuli, ya wanachama.

"Mwalimu," Kapteni akasema, "nani amewatuma kutuhesabia?"

Mwalimu Makori alieleza jasho likimtoka: simu, mtandao, foo, nambari nne, fulana. Karani akajishika kichwa.

"Mwalimu! Foo si nne! Ni neno tu la kuonya watu kwamba mpira unakuja!"

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa cha watu waliotolewa jela. Mama wa kofia pana alijipepea. Wakili akauliza kama anaweza kurudishiwa tano yake. Kapteni naye akatabasamu, akaniita mbele.

"Kwa hivyo, binti, hiyo tisa ilikuwa nambari ya fulana yako tu?"

Sikuwa na la kufanya ila kukubali. Momanyi alinikanyaga mguu kunikumbusha nifungue mdomo.

"Ni ya fulana, mzee."

Na yangeishia hapo, nawaambia ukweli. Lakini akaniwekea mkono begani, akageukia baraza nzima. "Sema kwa sauti, wote wakusikie. Usiogope. Hapa ni mahali pa uaminifu."

Mimi nimelelewa kutii wakubwa. Nikavuta pumzi kutoka tumboni, kama nilivyofundishwa.

"Ni ya fulana, mzee. Lakini pia ni tisa."

Hakuna aliyecheka. Mbeba fimbo alikohoa. Simu ya yule wa kichakani ikalia, akaipokea na kunong'ona, "Niko mkutanoni." Kwa mara ya kwanza siku hiyo, alikuwa anasema kweli.

Kapteni akasema kamati itakaa, majibu tutaletewa.

Tulirudi kwenye mvua, ile ya Kisii ya kila jioni, tumejifunika turubai linalovuja. Mwalimu alikaa mbele na dereva, hakugeuka. Karibu na Nyamira Momanyi alishindwa kujizuia.

"Mwaka mzima hujafungua mdomo, Kerubo. Mwaka mzima! Ukachagua leo?"

Nililia kidogo, lakini mvua ilinisitiri.

Nyumbani magokoro aliuliza kama tulipata ndoo. Nikamsimulia yote. Alisikiliza akipepeta wimbi.

"Kwani alipiga ngapi?"

"Tisa."

"Sasa unalia nini?"

Wiki iliyofuata Mwalimu alitangaza majibu mbele ya shule nzima. Klabu ilikuwa imekubali, turudi muhula mzima. Sharti lilikuwa moja: wachezaji wa diski wanyamaze kabisa. Wasiite nambari, wasiite foo, wasiseme neno lolote wakiwa uwanjani. Momanyi aliuliza, je, diski ikielekea kichwa cha mtu? Mwalimu akasema kamati ililijadili hilo, na wanachama wako tayari.

Nilichojifunza safarini ni kwamba kuna watu ambao kupigwa kichwani kunawauma kidogo kuliko kuhesabiwa. Na kwamba mchezo wangu nimerudishiwa kama nilivyoutaka, hauna kelele.

Ijumaa iliyopita tulikwenda. Kwenye kikapu cha mwisho tulimkuta Kapteni tena, mchangani tena. Tukangoja. Mwishowe mpira ukaingia, akainama kuuokota.

"Andika sita," akasema. Kisha akainua macho, akaniona nimesimama pale na fulana yangu.

Sikusema kitu.

"Saba," akasema.

Sikusema kitu. Ni sharti lao wenyewe.

"Nane."

Nilishika diski yangu, nikangoja kwa heshima.

"Haya!" akapiga kelele, akivua ile glavu moja. "Tisa! Andika tisa, tuondoke!"

Akaondoka. Nikarusha.