Sala ya Chakula kwa Mgonjwa

Harufu ya uji wa wimbi ikijaa jikoni kwangu hapa Ruiru, najiona tena mtaani Kiandutu, nikiwa mtoto, kando ya kitanda cha jirani yetu mgonjwa. Alikuwa amekataa kula tangu juzi. Mama, aliyempelekea uji kila jioni akitoka kiwandani, aliniambia, "Leo utaomba wewe."

Nikafumba macho. Maneno yote yalinipotea, nikakumbuka sala moja tu: "Bwana, bariki chakula hiki na mikono iliyokitayarisha. Amina."

Mgonjwa alicheka hadi akakohoa. "Haya, dada," akamwambia Mama, "si uniletee hicho chakula kilichobarikiwa?"

Alikunywa kikombe kizima. Tukirudi nyumbani, Mama alinishika mkono.

"Kesho utaomba tena," akasema.

Nikakubali upesi, asije akabadilisha nia.