Nakala za Ijumaa

Tangu mtunza rekodi Vasiti aondoke, chumba cha kuhifadhia sauti za wazee zilizorekodiwa, pale mjini Labasa, kiko kimya. Kila Ijumaa alinakili rekodi zote kwenye diski na kuzifunga kwa nywila, lakini hakuwahi kujaribu kuzirudisha kwenye kompyuta kuona kama zitafunguka. Kompyuta kuu ilipoungua, diski zilikuwa nzima, ila nywila alikuwa ameiweka humo humo kwenye kompyuta iliyoungua.

“Dada, umefungia ufunguo ndani ya nyumba!” fundi Apisai alicheka.

Mzee Manoa, aliyezoea kuja kusikiliza wimbo wa marehemu mkewe, hakucheka. “Jaribu tena, mwanangu.”

Vasiti alijaribu kila neno alilokumbuka, mpaka jina la mama yake; hakuna lililofungua.

Sasa ameiacha kazi ile, anauza mihogo sokoni Savusavu. Diski anazo nyumbani, hazijafunguka.