Nililifua Tangi la Dizeli

Mnisamehe kwa mwandiko mbaya na herufi zitakazokosewa. Niliishia la saba na naandika taratibu.

Mzee Kulwa, mwenye boti ninayofanyia kazi, alinunua sokoni Kirumba tangi kuukuu la chuma lililowahi kuwekewa mafuta ya alizeti. Akaniambia, "Lioshe, likauke kabisa, ndipo utie dizeli." Ilikuwa mara ya kwanza kunikabidhi mafuta. Nikalisugua kwa sabuni ya unga mpaka likanukia kama shuka jipya. Kulisubiri likauke nikaona ni kuchelewa, nikajaza.

Tulipakia kwaya iliyokuwa ikienda harusini Kamanga. Katikati ya ziwa injini ikakohoa, ikazima. Boti ikaelea polepole, mawe ya Mwanza yakififia kwa mbali, kwaya ikiimba kwa sauti ya chini. Nilitamani tuelee hivyo daima.

Mzee akakinga mafuta kwenye chupa. Dizeli ilikaa juu, maji chini, katikati povu. Akanusa.

"Nani kaosha tangi?"

"Mzee, injini yako imenyweshwa maji ya kufulia!" mama mmoja wa kwaya akacheka.

Nikanyoosha kidole kama niko darasani, kwaya nzima ikinitazama.

Kama nawe uliwahi kuaibika hivi, tafadhali niandikie.